Mizani ya Magunia Haipimi Dhahabu



Kila aliyeizoea biashara ya mwambao wetu anajua kwamba mizani si ya namna moja. Iko mizani kubwa ya kupimia magunia ya karafuu na mbata, na iko mizani ndogo ya sonara, iliyofunikwa kwa kioo ili hata pumzi ya mtu isiitikise. Mizani ya magunia ikikosea robo ratili, hapana aliyedhulumika sana, kwani gunia lina ratili nyingi na robo moja haionekani. Lakini mtu akichukua pete ya mkewe akaiweka juu ya mizani ile ile ya magunia, kisha akaikata bei kwa mujibu wa mshale ulivyoonyesha, hapo dhulma imepita. Mizani haikusema uwongo. Imeulizwa suali ambalo haikuundwa kulijibu. Mwenye kosa ni aliyeiweka pete pale, na kosa lake huzidi ikiwa alijua.

Mfano huu nimeutanguliza kwa sababu nataka tuzungumze juu ya kipimo kimoja cha damu kilichokwishaingia katika nyumba zetu, nacho ni kipimo cha testosteroni kwa wanawake. Mwanamke huenda kwa daktari kwa kuwa hedhi yake haina mpango, au ameota nywele kidevuni, au ameolewa miaka kadhaa na hajajaaliwa mtoto. Hutolewa damu, kisha hupewa karatasi yenye tarakimu. Juu ya tarakimu ile hujengwa mambo makubwa: dawa, ndoa, ukewenza, talaka, na hata jina la mtu katika mtaa. Basi suali letu ni hili: Je, tarakimu ile ina haki gani ya kuhukumu? Na sisi tunaoisoma tuna wajibu gani kabla ya kuifuata?

Suali hili si la madaktari peke yao. Qur'ani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la watu wanaopunja katika vipimo, na wafasiri wengi wamefahamisha kwamba kupunja hakuishii kwenye nafaka. Kila haki inayopimwa inaweza kupunjwa, na heshima ya mwanamke ni katika haki zilizo nzito.

Kwanza tujue kinachopimwa. Testosteroni ni homoni, yaani kitu kinachotengenezwa na tezi za mwili na kupelekwa na damu kwenda kuviamrisha viungo vingine. Ilitolewa na kupewa jina lake mwaka 1935 na wataalamu wa Amsterdam, nao waliipata katika korodani za ng'ombe dume. Kwa hivyo watu wakaiita homoni ya kiume, na jina likashika. Lakini jina hilo limeleta fitina. Kila mwanamke mzima anayo, inatoka katika mifuko yake ya mayai na katika tezi zilizo juu ya figo, na sehemu nyingine mwili huifanya kutokana na homoni jamaa zake. Tena homoni iitwayo ya kike, estrojeni, mwili huitengeneza kwa kuibadilisha testosteroni na jamaa zake hao. Basi yule ambaye watu humwona mgeni ndani ya mwili wa mwanamke ni katika wenyeji walioijenga nyumba. Mwanamke akiambiwa "una homoni ya kiume," hakuambiwa jambo la ajabu. Ajabu ingekuwa kama hana.

Khitilafu iko katika kiasi. Mwanamume mzima huwa na baina ya nanomoli 8 na 30 katika lita moja ya damu. Mwanamke kwa kawaida hapindukii 2 au 2 na nusu, na wengi wana 1 au pungufu ya hapo. Na nanomoli 1 katika lita ni kitu kidogo mno: ni kama kuichukua gramu 1 ukaikoroga ndani ya lita milioni 3 na nusu za maji. Hii ndiyo pete tuliyoitaja, na gunia ni damu ya mwanamume.

Sasa tutazame mizani. Zamani hapakuwa na njia ya kupima vitu vidogo kiasi hicho katika damu. Njia ilipatikana Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kazi ya Solomon Berson na mwenziwe, bibi mmoja aitwaye Rosalyn Yalow, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Walitumia kingamwili, yaani vile vitu ambavyo mwili huviunda kumkamata adui, wakavifanya vikamate kile wanachotaka kukipima. Vipimo vingi vya homoni vinavyotumika leo mahospitalini ni watoto na wajukuu wa njia hiyo.

Kingamwili ni kama dema la mvuvi. Mlango wake umefumwa kwa umbo la samaki anayetakiwa, lakini samaki mwingine mwenye umbo la karibu huingia pia. Katika damu ya mwanamume samaki anayetakiwa ni wengi, na wageni wachache walioingia demani hawaharibu hesabu. Katika damu ya mwanamke mambo ni kinyume. Testosteroni ni chache, na jamaa zake waliofanana nayo ni wengi. Iko homoni moja ya tezi za juu ya figo, kwa ufupi huitwa DHEAS, ambayo kwa mwanamke huwa mara elfu na zaidi ya testosteroni. Wakiingia wachache tu katika hao, hesabu imekwisha haribika. Mvuvi akihesabu kila aliyemo demani kuwa ni tafi, atasema amepata tafi wengi, naye hakupata ila watatu.

Haya si maneno ya kukisia. Mwaka 2003 wataalamu walivichukua vipimo 10 vya namna hiyo vilivyokuwa vikitumika, wakavilinganisha na mashine yenye kutambua kila kitu kwa uzito wake. Katika damu za wanawake, vipimo 7 katika 10 vilizidisha. Kwa wastani matokeo ya vipimo vile yalikuwa juu ya ukweli kwa asilimia 46. Kwa wanaume havikuzidisha, bali kwa wastani vilipunguza kwa asilimia 12. Katika jarida lile lile wataalamu wenzao waliuliza kwa uchungu kama kuwapima wanawake hivyo kuna ubora wowote kuliko kubahatisha. Vipimo vimetengenezwa vizuri zaidi tangu wakati huo, lakini muongozo wa kimataifa juu ya maradhi haya uliotolewa mwaka 2023 bado unahimiza kwamba testosteroni ya mwanamke ipimwe kwa mashine ile ya uzito, iitwayo spektrometa ya masi, kwani ndiyo mizani ya sonara. Mashine hiyo ni ghali na inataka mafundi, na maabara nyingi hazinayo.

Na hata mizani ikiwa nzuri, liko suala la mpimaji na la saa ya kupima. Testosteroni hupanda asubuhi na kushuka jioni. Huongezeka kidogo katikati ya mwezi wa hedhi. Hupungua kwa umri. Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa majira hubadilika hesabu yake, na baadhi ya vidonge hivyo vina kitu kinachoweza kuingia demani kikahesabiwa kuwa ni testosteroni. Vilevile biotini, ambayo wanawake wengi huimeza kwa ajili ya nywele na kucha, huweza kuyapandisha uwongo matokeo ya baadhi ya vipimo. Tazama masikini huyu: nywele zake zimepunguka, akameza biotini zimrudie, kisha akaenda kupimwa sababu ya kupunguka nywele, na ile dawa ikamshuhudilia uwongo.

Tena kuna vipimio viwili vya kuandikia tarakimu, kama ratili na kilo. Maabara moja huandika 1.5, nyingine huandika 43, na mwenye karatasi mbili huona maradhi yamempanda mara thelathini, kumbe ni kitu kimoja kwa lugha mbili. Na sehemu kubwa ya testosteroni katika damu imeshikwa na protini kama mtu aliyefungwa. Iliyo huru kufanya kazi ni kiasi cha 1 au 2 katika 100. Basi wanawake wawili wanaweza kuwa na jumla moja, na hali zao zikawa mbali mbali.

Haya yote yana maana gani kwa watu wa nyumbani? Maradhi ambayo mara nyingi huwapeleka wanawake kupima testosteroni ni yale ya mifuko ya mayai yenye vijifuko vingi. Kiasi cha mwanamke 1 katika kila 10 wa umri wa kuzaa anayo, na wengi hawajui. Maradhi haya hayatambulikani kwa tarakimu moja. Wataalamu waliokutana Rotterdam mwaka 2003 walitaja dalili tatu: yai kutopevuka kwa mpango, homoni hizi kuzidi kwa dalili za mwilini au kwa damu, na sura ya mifuko ya mayai ikitazamwa kwa mashine. Wakasema mbili zatosha, baada ya kuyaondoa maradhi mengine yanayofanana nayo. Basi mwanamke aweza kuwa nayo na testosteroni yake ikasomeka sawa, na aweza kusomewa juu na asiwe nayo. Na wengi katika wenye maradhi hayo hupata watoto, wengine bila ya msaada na wengine kwa vidonge vya kupevusha yai.

Lakini mara ngapi tarakimu ile imechukuliwa kuwa hukumu? Karatasi huletwa nyumbani. Mavyaa huisoma au husomewa. Neno lililo juu ya karatasi ni geni, hutafutwa mwenye kulieleza, naye husema, "Hii ni homoni ya wanaume." Kufika magharibi mkamwana amekwishapewa majina mawili: tasa, na mwanamke-dume. Mume aliyekuwa na subira huanza kuambiwa kwamba subira yake ni ujinga. Na huyu mwanamke hana la kujitetea, kwani anashitakiwa na karatasi ya hospitali, na karatasi haihojiwi.

Hapa ndipo nasema tumekosea, na makosa yetu ni ya kisharia kabla ya kuwa ya udaktari. Kipimo ni shahidi. Na shahidi, hata akiwa mtu mzima mwenye kilemba, kadhi haupokei ushahidi wake mpaka ajue uadilifu wake, na ajue kama alikuwapo mahali pa kuona na kama macho yake yanafika hapo. Vipi basi tumkatae mtu asiyeona vizuri usiku, tukubali chombo kisichoona vizuri katika uchache? Tena wanavyuoni wa fiqhi wana kanuni mashuhuri, kwamba jambo la yakini haliondoshwi na shaka. Uanamke wa mke wako ni yakini. Tarakimu iliyopatikana kwa dema bovu ni shaka. Yakini gani hii inayokimbia kwa kipande cha karatasi?

Tazameni pia katika mirathi. Mtu akifa na mjane wake ana mimba, wenzetu waliotutangulia hawakubahatisha kama atazaliwa mwana wa kiume au wa kike. Kila mrithi hupewa kile ambacho hapana shaka ni chake, na lililo na shaka huwekwa mpaka mimba ishuke. Huo ndio uadilifu wa mtu asiyejua: hutoa lililo wazi, huliweka lisilo wazi, na hamdhulumu mtu kwa haraka yake.

Atasema msemaji: "Basi sheikh, tuvitupe vipimo hivi." La, sivyo. Mwanamke ambaye sauti yake imekuwa nzito kwa ghafula na nywele zimemtoka mwilini kwa muda mfupi huenda ana uvimbe katika mfuko wa mayai au katika tezi ya juu ya figo, na tarakimu kubwa ndiyo itakayomwamsha daktari. Anayemzuia asipimwe, kwa kuona haya au kwa kuona kipimo hakina maana, huenda akamponza. Kuitupa mizani ni dhulma kama ilivyo dhulma kuipotosha. Tunalotaka ni mizani inayostahiki kitu kinachopimwa, na mpimaji anayejua mwisho wa mizani yake.

Na atasema mwingine: "Ikiwa kosa lote ni la chombo, basi siku kitakapopatikana chombo kizuri kila mahali, mjadala utakwisha." Huyu namjibu kwa khabari za uwanja wa michezo, kwani huko chombo kizuri kilikwishapatikana.

Mwaka 2016, katika michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, wanawake watatu wa Afrika walitwaa medali za mbio za mita 800: Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Shirikisho la riadha la dunia lilikuwa na sheria za testosteroni kwa wanawake tangu mwaka 2011, ambapo mpaka uliwekwa kwenye nanomoli 10. Mwaka 2015 mahakama ya michezo ilizisimamisha, baada ya kushitaki Dutee Chand wa India. Mwaka 2018 zikaja sheria mpya zenye mpaka wa 5, kwa mbio za kuanzia mita 400 hadi maili 1, na wote watatu wakakutwa nazo: ama wapunguze homoni zao kwa dawa, ama wasikimbie mbio hizo pamoja na wanawake. Niyonsaba alihamia mbio ndefu, na mwaka 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2000. Semenya alikwenda mahakamani na kushindwa mwaka 2019. Mwaka 2023 mpaka ukateremshwa mpaka 2.5, kwa mbio zote. Na tangu Septemba 2025 shirikisho linataka kila anayeingia mashindano yake ya dunia ya wanawake apimwe mara moja jeni iitwayo SRY. Julai 2025 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kwamba kesi ya Semenya haikusikilizwa kwa haki inayotakiwa mbele ya mahakama ya Uswisi.

Angalieni mambo mawili hapa. La kwanza, sheria za mwaka 2018 zilitaka testosteroni za wakimbiaji hawa zipimwe kwa mashine ile ile ya uzito. Kwa hivyo anayewania medali alipimwa kwa mizani ya sonara, na mama wa nyumbani anayetafuta dawa na mtoto hupimwa kwa mizani ya magunia. Kama vipimo vinaeleza tunachokithamini, basi hapa tumeambiwa wazi.

La pili, mizani nzuri ile haikuumaliza ugomvi. Mpaka ulikuwa 10, ukawa 5, ukawa 2.5, kisha likaletwa jambo jingine kabisa. Damu ya wanawake haikubadilika mara tatu katika miaka ile. Lililobadilika ni mstari, na mstari huchorwa na watu. Sisemi kwamba waliochora hawakuwa na hoja. Wanawake wengine waliokimbia nao wana haki pia, nao wanataka mbio za insafu, na hili si suali jepesi. Lakini kipimo kilisema "kiasi ni hiki" na kikanyamaza. Nani akimbie, nani azuiwe, nani aambiwe ameze dawa asiyoihitaji kwa afya yake, hayo hayakutoka katika mashine. Watu waliyaamua, na watu ndio watakaoulizwa. Tena siri za miili ya wasichana hao zilizungumzwa na dunia nzima, na hapana mashine iliyoamrisha hilo.

Hapa tumefika kwenye kiini cha maneno yetu. Usahihi wa kipimo ni amana ya kwanza, na mwenye kuipuuza amepunja. Lakini juu yake iko amana ya pili, nayo ni kutokiuliza kipimo kile kisichokijua. Testosteroni yaweza kumwambia daktari kama tezi fulani inafanya kazi kupita kiasi. Haiwezi kumwambia mume kama mkewe ni mwanamke. Haiwezi kumwambia mavyaa kama ukoo wake utaendelea. Anayeitoa tarakimu mahali pake akaipeleka huko amemsingizia shahidi maneno asiyoyasema.

Basi nini kifanywe? Mwanamke aliyepewa karatasi ana haki ya kuuliza: kimepimwa kwa njia gani, kwa kipimio gani, na mpaka wa kawaida wa maabara ile kwa wanawake ni upi? Amwambie daktari kila anachokimeza, hata kile alichonunua dukani kwa ajili ya nywele. Apimwe asubuhi. Matokeo yakiwa ya ajabu na mwili hauonyeshi dalili, aombe kipimo kirudiwe, na ikiwezekana kwa njia iliyo bora. Daktari naye aseme mwisho wa chombo chake. Neno "sina yakini na tarakimu hii" halimpunguzii heshima daktari, kama lisivyompunguzia mufti neno "sijui."

Na mume, ambaye ndiye stara ya mkewe kama mkewe alivyo stara yake, aifanye karatasi ile kuwa siri ya watu wawili na daktari wao. Isitoke kwenda ukumbini. Na yeye pia apimwe, kwani kukosekana mtoto si jambo la mke peke yake, na wanaume wengi huwapeleka wake zao hospitali mara kumi kabla hawajajipeleka wenyewe mara moja. Na wewe mama mkwe, kumbuka kwamba ulipoolewa hapakuwa na karatasi hizi, wala hapana aliyekupima damu ndipo akakuita mwanamke.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutimiza vipimo, vya sokoni na vya nyumbani, na atuepushe na kuhukumu kwa tusilolijua. Wallahu aalam.